Shule za Rosenwald: Jengo Lililokwisha Kulipiwa

Kila kinapozuka kikao cha kujadili kama shule fulani ya Rosenwald, moja ya zile zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa ajili ya watoto weusi kule kusini mwa Marekani, ikarabatiwe iwe ukumbi wa jamii, hoja ya wapinzani huwa ile ile: kwa nini fedha ziishie kwenye mbao kuukuu, wakati jengo jipya lingekuwa na vyoo vya ndani, njia ya viti vya magurudumu na paa lisilovuja?

Hoja hiyo ina uzito. Nyingi ya shule hizi ziko vijijini, ambako vijana wamekwisha kuhama. Rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, na kuiondoa ni kazi ya gharama. Tena nafuu ya kodi ya asilimia 20, ambayo serikali kuu hutoa kwa ukarabati wa majengo ya kihistoria, ni ya majengo yanayoingiza kipato. Wazee waliosoma pale, wanaotaka tu mahali pa kukutania, haiwafai.

Lakini ipo hesabu nyingine, nayo husomwa nusu nusu. Mpango wa kujenga shule hizi, alioubuni Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani Weusi, pamoja na Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya maduka ya Sears, Roebuck, ulifikisha majengo 5,357 kufikia mwaka 1932: shule, nyumba za walimu na karakana, katika majimbo 15. Gharama yote ilikuwa dola milioni 28.4. Rosenwald na mfuko wake walitoa milioni 4.4. Wamarekani Weusi wenyewe walitoa milioni 4.7.

Rudia kuzisoma hizo mbili za mwisho. Watu ambao wengi wao walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno walichanga kumzidi tajiri ambaye shule zinaitwa kwa jina lake. Huyu alitoa kiwanja, yule mbao, mwingine siku zake za kazi. Na hapo hatujagusa kodi. Takriban milioni 18 zilitoka kwenye hazina za umma, ambazo watu weusi nao walizichangia, huku shule za watoto wa wazungu zikipata fungu nono zaidi. Walilipa kama walipa kodi, wakalipa tena kama wazazi. Kwa hiyo mtu akiniambia jengo hilo ni mzigo kwa jamii, namwuliza ni nani aliyelijenga.

Hata hayo yanayoitwa matumizi mapya si mapya. Ramani nyingi za shule hizi zilikuwa na ukuta wa kusogezwa kati ya madarasa mawili, ili jioni pawe ukumbi mmoja wa mikutano. Madirisha marefu yalipangwa kwa safu upande wa mashariki au magharibi, kwa sababu umeme haukuwapo na watoto walihitaji mwanga wa kusomea. Fundi anayeyaziba ili aweke kiyoyozi anakarabati jengo lisilokuwa lile. Hapo nakubaliana na wanaosema ukarabati mbovu ni hasara kuliko kujenga upya.

Linaloniuma zaidi ni hati. Masharti ya mpango yalitaka ardhi na shule viandikwe kwa jina la mamlaka ya elimu ya umma. Jamii ikachanga, kisha ikakabidhi. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni, na watoto kuhamishiwa kwingine hatua kwa hatua, mamlaka hizo zilifunga shule nyingi, zikauza baadhi na nyingine zikaachwa zioze. Mwaka 2002 shirika la taifa la kuhifadhi urithi liliziweka kwenye orodha ya maeneo 11 yaliyo hatarini zaidi. Leo imebaki kama moja kati ya kila kumi.

Basi kikao kinachofuata kisianze na bei ya paa. Kianze kwa kuuliza hati imeandikwa kwa jina la nani, na kama ingali kwa mamlaka, irudishwe kwa wajukuu wa waliochanga kabla fundi hajaitwa kupima.