Kozi ya uandishi wa Kiingereza isikifukuze Kiswahili

Anayejiandikisha kozi ya juu ya uandishi wa kitaaluma wa Kiingereza, awe wa uzamili Dodoma au wa uzamivu Nairobi, aghalabu hupokewa na mambo mawili: orodha ya msamiati na agizo la kutotia neno la Kiswahili darasani. Orodha haina ubaya. Ile ya mwanaisimu Averil Coxhead ya mwaka 2000 ina familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na yale yanayotokana nalo, na aliyesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza huwa anayajua mengi kati ya hayo. Hasara iko kwenye agizo. Ni ndugu wa kile kibao tulichovalishana shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kiswahili. Katika kiwango hiki, makosa yanayojirudia huletwa na sarufi ya Kiswahili inayofanya kazi kimyakimya chini ya sentensi ya Kiingereza, nayo haionekani mpaka mtu aitaje kwa jina.

Tuanze na "the", maana ndiyo inayojaza rasimu wino mwekundu kuliko kitu kingine. Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, mwanafunzi akaambiwa asome sana mpaka sikio lizoee. Kiswahili kinacho, ila kimekificha. Weka "kile", "yule" au "ile" kabla ya nomino: "yule mgonjwa alirudishwa wodini". Ikikubali bila kusigana na maana yako, Kiingereza kinataka "the". Ikikataa, na badala yake "mmoja" au "fulani" ndiyo inayoingia, andika "a". Vyote viwili vikigoma, kama kwenye malaria au umaskini, acha nomino ikae peke yake.

Kiambishi cha yambwa, kile kinachomtaja mtendwa ndani ya kitenzi, nacho hupima kama nomino inataka "the". "Tulisoma ripoti" huenda ni ripoti yoyote. "Tuliisoma ripoti" ni ile ambayo msomaji ameshaijua. Kipimo hiki kitumike kwa vitu tu. Kwa watu kinapotosha, kwa kuwa "-m-" na "-wa-" huja hata mtu asipojulikana: "nilimwona mtu". Kipimo cha "ile" nacho kina pa kuchechemea, hasa kwenye nomino inayofuatwa na "of". "The price of maize" inataka "the" hata kama bei haijatajwa popote kabla, ilhali "ile bei ya mahindi" humfanya msikilizaji aulize ni ipi hiyo. Mwalimu anayeyajua haya hufupisha kazi ya wiki kadhaa.

Mengine yanaeleweka haraka. "The farmers they said" ni "wakulima walisema": kiambishi cha kiima kimevuka mpaka na kugeuka neno. "The method which we used it" ni "mbinu tuliyoitumia". "Although rainfall was low, but yields increased" ni ile "ingawa… lakini" ambayo kwetu haina kosa. "Equipments" ni wingi wa "vifaa" uliobandikwa kwenye neno ambalo Kiingereza hakilipi wingi. La hatari zaidi ni "he" na "she" kuchanganyika, kwa vile "a-" haibagui jinsia. Kwenye insha huo ni uzembe mdogo. Kwenye uchambuzi wa mahojiano, mshiriki namba 7 akianza aya kama mwanamke na kuimaliza kama mwanamume, mtahini ataanza kuitilia shaka data yenyewe.

Sarufi hata hivyo ndiyo nusu nyepesi. Tasnifu nyingi hukwama kwenye mapitio ya maandiko, na humo kozi nyingi hupita mbio. Umbo lake linajulikana: "According to" fulani (2008), "according to" mwingine (2012), "according to" wa tatu (2015), kila mmoja na sentensi zake mbili, kama wageni wanaotambulishwa kwenye harusi. Aya ya namna hiyo ina waandishi, haina hoja. Ili kuitengeneza, andika pembeni kwa Kiswahili sentensi moja inayosema watu hao wanakubaliana wapi au wanapishana wapi. Usipoiweza kwa Kiswahili, huna hoja bado, na Kiingereza hakitakupa. Ukiiweza, ihamishe ikae mwanzo wa aya, kisha majina yaingie kwenye mabano mwishoni mwa sentensi wanazozibeba.

Utangulizi nao una ramani yake. Mwanaisimu John Swales aliuchambua mwaka 1990 katika hatua tatu: kuonyesha uwanja, kuonyesha pengo, kulijaza. Wengi wetu hatua ya pili tunaiandika hivi: utafiti kama huu haujafanyika katika wilaya yangu. Hilo pengo ni la ramani ya nchi. Msomaji anataka kujua kwa nini wilaya hiyo ingetoa jibu tofauti na lililopatikana kwingine: mvua zake, soko lake, sheria ndogo zake. Sentensi mbili za sababu hiyo zina thamani kuliko kurasa nne za historia tangu uhuru.

Waliopitia maandalizi ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wana kazi ya ziada ya kusahau. Insha yake ya pili hutaka angalau maneno 250 kwa dakika 40, na haidai chanzo hata kimoja. Kwa mtihani inatosha. Lakini huacha mazoea ya kutoa rai kwanza na kutafuta mfano wowote wa kuiegemeza, na ukali wa "this proves" pale ambapo kaya 60 za kata moja zinaruhusu "this suggests" tu.

Kabla ya kulipa ada, uliza jambo moja: kazi moja itaandikwa mara ngapi? Kozi ya insha kumi zinazosahihishwa mara moja moja siipendekezi kwa mtu. Bora kazi moja ya maneno 2,000 yenye rasimu tatu, kila rasimu ikisomwa kwa jicho lake. Ya kwanza isomwe kwa hoja tu, hata kama sarufi inauma macho. Ya pili, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake uone kama zinafuatana. Isiyo na kiungo, hamisha aya yake au ifute. "The" isubiri rasimu ya tatu. Chapisha karatasi, zungushia kila nomino, pima moja moja, ukianzia ukurasa wa mwisho kurudi nyuma ili maana isikubebe. Programu za kusahihisha ziende mwisho kabisa. Hudaka "equipments" vizuri, lakini kama yule mgonjwa wa mfano wetu wa kwanza ameshatambulishwa kwa msomaji wako au la, hilo mara nyingi zinakisia tu.