Binti wa miaka 16 mbele ya nesi

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Ule wa 2015/16 ulikuta asilimia 27. Tumeshuka, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano. Swali linalotugawa ni hili: binti akienda kliniki peke yake kutaka uzazi wa mpango, ahudumiwe bila mzazi kujua?

Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango unasema ndiyo. Kila aliye katika umri wa kuzaa, vijana balehe wakiwemo, ana haki ya elimu na huduma, awe ameolewa au la, awe na mtoto au hana. Lakini nesi huyohuyo anaijua sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998: binti wa chini ya miaka 18 asiyeolewa, hata akiridhia, kisheria amebakwa, na adhabu ya mwanaume mtu mzima haipungui miaka 30 jela. Anaijua pia Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtaka kila mwanajamii atoe taarifa haki ya mtoto inapovunjwa. Anaandika jina na umri kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, huku akijiuliza kama hajajitia matatani. Wengine hujikinga kwa swali moja tu: "Mama yako anajua?" Binti akilisikia, anaaga na harudi.

Wazazi wanaopinga siri hiyo tusiwabeze. Sindano ya uzazi wa mpango huvuruga hedhi: kuna wanaotokwa na matone kwa wiki kadhaa, kuna wanaokatikiwa kabisa. Mtoto akianza kutokwa damu usiku, anayeamka kumhangaikia ni mama, naye hajui pa kuanzia, kwa sababu binti ananyamaza kwa hofu. Kijiti cha kuzuia mimba nacho hupapasika chini ya ngozi ya mkono wa juu. Siku mama atakapokigusa, atajiona amesalitiwa na watu aliowaamini. Na ipo hoja nzito kuliko hiyo: siri inaweza kumfaa mtu mzima anayemharibu binti, kwa kuwa mimba ambayo ingemfichua haitatokea. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Ile ya kwamba huduma hizi zinafundisha uzinzi hainisumbui sana. Tathmini za UNESCO kuhusu elimu ya jinsia hazikuona kwamba inawafanya vijana waanze mapema.

Ninachoona ni kwamba siri tayari inauzwa mtaani. Binti anaingia duka la dawa, anataja P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, analipa, anaondoka. Hakuna rejista, na mara nyingi hakuna swali. Haambiwi kwamba vidonge hivyo vimezwe ndani ya saa 72 na kwamba kila anavyochelewa nguvu yake inapungua, wala kwamba havizuii VVU. Hakuna anayemuuliza alikuwa na nani. Kumfungia mlango wa kliniki hakumrudishi kwa mama yake. Kunampeleka kwa muuza dawa.

Kwa hiyo nasimama upande wa kliniki kutunza siri. Mwaka 2019 Bunge liliruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Tukimwona anaweza kupokea majibu yale peke yake, ni vigumu kusema hawezi kushauriwa kuhusu vidonge.

Ila kibao cha "Huduma Rafiki kwa Vijana" mlangoni hakitoshi. Binti anakaa benchi moja na wajawazito wa mtaani kwao, saa nne asubuhi, na sare ya shule mwilini. Nesi anatokeza kichwa na kuita kwa sauti: "Wa uzazi wa mpango, njooni huku!" Nesi mwenyewe yuko kikoba kimoja na mama yake. Hapo siri imeshakwisha kabla ya faili kufunguliwa. Saa za jioni, Jumamosi, mlango wa pembeni na nesi asiyetoka mtaa huo vingesaidia kuliko mabango.

Na siri iwe na mpaka, unaotajwa kabla binti hajaanza kueleza. Nesi aulize huyo mwanaume ni nani. Mwanafunzi mwenzake wa miaka 17 anahitaji ushauri pamoja naye, na binti asaidiwe kumpata shangazi au dada wa kumwamini nyumbani. Mtu mzima anayemlipia nauli kila asubuhi ni suala la ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia polisi, hata binti akilia kwamba anampenda. Sheria ilivyo inawaona wote wawili, kijana huyo na mtu mzima huyo, wahalifu, na nesi anabaki kukisia. Wizara ya Afya na Wizara ya Katiba na Sheria ziandike bayana ni lini anatakiwa kutoa taarifa na ni lini hatakiwi, na maelekezo hayo yafike mpaka zahanati ya kijiji.