Mgongo ni Wangu, Niacheni Niijaribu

Wiki iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu katika yadi moja mjini kutafuta nduthi iliyotumika. Yeye ni nesi, anaishi Rongai, anafanya kazi Upper Hill, na matatu za alfajiri zimemchosha. Haja yake aliieleza vizuri kabisa: anataka pikipiki ya kumfikisha kazini bila papara, imrudishe jioni, na Jumapili mojamoja impeleke kwa mamake Kiserian. Muuzaji akatutolea tatu. Rafiki yangu akaomba kuwasha moja aizungushe hadi pale kona. Akajibiwa: "Dada, pikipiki hujaribiwa na fundi. Wewe chagua rangi, injini tuachie sisi."

Nilikasirika pale pale, na ninapoandika haya bado sijatulia. Fundi anaweza kuniambia pistoni ni nzima. Anaweza kusikiliza injini ikinguruma, akachomoa plagi na kuichunguza, akasema injini haiunguzi oili, nami nikamwamini. Lakini fundi hana miguu yangu. Hana kiuno changu, wala mkono wangu wa kushoto utakaobana klachi kutoka Galleria hadi Nyayo Stadium jamu ya asubuhi ikiwa imeshikana. Yeye ataipanda dakika mbili aniachie. Mimi nitakaa juu yake miaka.

Hapa Nairobi tumezoea kuiona nduthi kama chombo cha kazi tu. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc, boda ndizo zinazoendesha soko, na kila muuzaji anamfikiria mtu wa boda: itabeba mzigo gani, itakunywa mafuta kiasi gani, spea ziko wapi. Ni maswali ya maana kwa anayetafuta riziki. Lakini siku hizi tupo wengi tunaonunua ili tufike kazini na kurudi nyumbani, na bado tunapewa majibu ya mtu wa boda. Uliza popote utaambiwa neno moja: chukua Boxer.

Haya, Boxer. Siwezi kuikana. BM 150 ina injini ya 144.8cc isiyo na makuu, fundi yeyote kuanzia Githurai hadi Kitengela anaifungua na kuifunga bila kumuuliza mtu, na spea zake utazipata hata pale usipopata duka la dawa. Ila zile shokabu zake za nyuma, za springi ndani ya springi, zimeundwa kwa ajili ya watu na magunia. Ukiwa peke yako na kilo zako sitini, hazibonyei. Kila tuta unalipokea kwa uti wa mgongo, na aliyewahi kupita Magadi Road anajua matuta yalivyofuatana. Kama umeamua ni Boxer, basi mwambie fundi azungushe ile pete ya chini ya springi hadi ngazi iliyo laini kuliko zote. Nyingi ulizoziona zikiuzwa zilikuwa za boda na pete hiyo iko ngazi ya juu tangu siku ya kwanza. Hiyo ni kazi ya dakika chache isiyohitaji spea hata moja, na wauzaji hawakuambii kamwe.

Turudi kwenye mwili. Raha ya pikipiki inaamuliwa na pahali patatu: unapokalia, unaposhika na unapokanyaga. Vitu hivi vitatu vikipatana na urefu wako, hata injini ya 125cc itakuchukua mbali. Visipopatana, hakuna injini itakayokuokoa. Chukua nduthi ya mtindo wa mashindano, tuseme Pulsar NS200, pikipiki nzuri mno kwa anayeipendea mwendo. Usukani wake uko chini na vikanyagio vimerudi nyuma, kwa hiyo unainama mbele. Ukiwa Southern Bypass kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo unakusukuma kifua na kukupunguzia uzito. Hapo husikii lolote. Kwenye jamu hakuna upepo. Uzito wote wa kifua chako unashukia viganja, viganja vinakufa ganzi, shingo unaiinua ili uone mbele, na ukifika ofisini huwezi kushika kalamu vizuri. Kijana wa miaka ishirini na miwili atavumilia. Nesi anayetoka zamu ya usiku hapaswi kuvumilia.

Anayetaka safari ya utulivu atafute usukani mpana ulioinuka kidogo, viwiko vibaki vimekunjika ukiwa umeketi wima. Vikanyagio viwe chini yako au mbele kidogo, magoti yasikunjwe kupita pembe mraba. Na nyayo zifike chini. Kwa hili sina mzaha hata kidogo. Mimi ni mfupi, na nimeona wanawake wengi wafupi wakiuziwa pikipiki ndefu kwa maneno ya "utazoea". Hutazoea. Barabara zetu zina kingo zilizomeguka, changarawe kwenye kona, matope ya masika, matatu inayokukatia ghafla ikibidi usimame pale ulipo, na kama mguu unagusa lami kwa ncha ya kiatu tu, pikipiki ya kilo mia na zaidi inakwenda chini na wewe ukiwa umeishika. Zile Yamaha DT 125 na Honda XL 125 ambazo maofisa wa mashambani walizipenda zinameza mashimo kuliko kitu chochote kwenye bei yake, nakubali, na mtu mrefu akipata iliyotunzwa asiiache. Kwa mfupi ni mtihani wa kila taa nyekundu.

Halafu kiti. Watu hubonyeza kiti kwa kidole gumba, kikiingia ndani wanasema "hiki ni laini". Sponji laini ndiyo inayodanganya. Ndani ya nusu saa inakuwa imelala kabisa na unakalia ubao kama umekaa kwenye benchi la kanisa. Sponji nzito, inayokuinua kidogo ukiikalia, ndiyo inayodumu. Nduthi zilizotumika karibu zote zina sponji iliyochoka, na hilo lisikukatishe tamaa: mafundi wa viti mjini watakubadilishia sponji na kushona ngozi mpya ukiwa umesubiri. Mwambie apunguze pia ule mwinuko wa katikati kama wewe ni mfupi. Kiti kinarekebishika. Umbali wa usukani nao unarekebishika kidogo. Vikanyagio havirekebishiki bila kuchomelea chuma, kwa hiyo hivyo ndivyo vya kuchunguza kwanza.

Lakini huwezi kuyajua haya yadini, pikipiki ikiwa kwenye stendi na muuzaji amekusimamia. Ndiyo maana ninasisitiza majaribio, na majaribio ya kweli. Najua wauzaji wanaogopa. Wapo watu walioomba "kuzunguka kidogo" wasirudi hadi leo, na anayeuza ana haki ya kulinda mali yake. Sawa. Basi mnunuzi aache kitambulisho na pesa yote kwa mtu mnayemwamini nyote wawili. Au muuzaji apande nduthi nyingine amfuate nyuma. Au akae nyuma kama abiria, jambo litakalomwonyesha mnunuzi vilevile jinsi inavyobeba watu wawili. Njia zipo. Anayekataa zote hizo anaficha kitu, na mimi ningeondoka.

Ukipewa nafasi, usiende kasi. Kasi haitakuambia kitu. Nenda polepole kiasi cha mtu anayetembea, ukicheza na klachi, uone kama mkono unachoka na kama nduthi inayumba. Pita juu ya tuta ukiwa umekaa, halafu simama na kuketi tena: ikiruka zaidi ya mara moja, shokabu zimekufa. Angalia fimbo za shokabu za mbele kama zina mafuta yanayotiririka, maana sili zimepasuka. Geuza kwenye barabara nyembamba. Kisha tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, shikilia kilomita 60 kwa muda, na usikilize viganja na nyayo. Injini za pistoni moja zote hutetema, ila hazitetemi sawa. Yamaha YBR 125 ina shafti ya kusawazisha mtetemo ndani ya injini na utaihisi tofauti hiyo kabla hujatoka mtaani. Hiyo ndiyo niliyomtajia rafiki yangu kwanza, aipate iliyokuwa ya ofisi, na akiikosa atafute TVS HLX 125 ambayo haijawahi kubeba abiria wa kulipa. Kabla ya kuilaumu pikipiki kwa ugumu, pima pia upepo wa tairi. Kwa hizi za 125 na 150 ukiwa peke yako, PSI 25 mbele na 28 nyuma zinatosha kwa kawaida. Nyingi zimejazwa hadi tairi inakuwa jiwe.

Kuna anayesema raha ni anasa ya wenye pesa. Kauli hii inaniumiza. Rafiki yangu huwapokea waliovunjika miguu na mikono kwenye nduthi, na anajua kwamba wengi wao walikuwa wakirudi nyumbani jioni, wamechoka. Vidole vilivyokufa ganzi vinachelewa kufika kwenye breki. Kiuno kinachouma kinamfanya mtu asigeuke kutazama nyuma kabla ya kuhama leni. Barabara kuu ya juu, ile Expressway, pikipiki haziruhusiwi, kwa hiyo anayetoka Mlolongo anapita chini, Mombasa Road, katikati ya malori. Pale unahitaji macho yako yote na akili yako yote, na mwili unaouma unakuibia vyote viwili. Ninawaomba mnaouza na mnaoshauri: mnapomwambia mama wa watoto wawili kwamba atazoea, fikirieni anazoea wapi.

Skuta nazo? Hazina klachi, magoti yanapumua, na jamu ni raha tupu. Ila gurudumu la inchi 12 halielewani na mashimo yetu, kwa hiyo ni ya mtu wa Kilimani na Westlands kuliko wa Rongai. Za umeme hazitetemi kabisa na ningependa kuona nyingi zaidi; uliza tu kama mkataba wa kubadilishiwa betri unahamia kwa mnunuzi wa pili. Wenye uwezo wataniuliza kuhusu Royal Enfield Meteor 350. Kiti chake kiko milimita 765 kutoka ardhini, chini kuliko nduthi nyingi za nusu ya injini yake, na ukikaa umekaa. Ina kilo 191. Jiulize nani atakusaidia kuiinua ikilala kwenye matope ya Kiserian saa moja usiku.

Rangi, acheni.

Kilomita zilizoandikwa kwenye mita usiziamini peke yake, kwa sababu waya wa mita ni rahisi kuchomoa na boda nyingi hukimbia miaka bila waya. Tazama mpira wa kikanyagio na wa pedali ya breki: ukiwa umelika hadi chuma, hiyo nduthi imefanya kazi. Tazama meno ya sproketi kama yamechongoka. Tazama keria kama imechomelewa mara ya pili na ya tatu. Moshi wa samawati ukivuta mafuta ni oili inaungua. Iwashe ikiwa baridi. Ukiikuta muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi kesho asubuhi. Herufi zinazofuata KM kwenye nambari ya usajili nazo zinasema umri wake kwa ukaribu, hivyo akikuambia ina mwaka mmoja, linganisha.

Na karatasi. Nduthi nyingi mjini zilinunuliwa kwa mkopo, na nyingine zinazouzwa rahisi zilinyakuliwa kwa waliokosa kulipa au bado zinadaiwa. Jina la mkopeshaji likiwa kwenye logbuku pamoja na la muuzaji, huyo muuzaji hana uwezo wa kukuuzia peke yake, hata akuapie kwa mamake. Fanya utafutaji wa umiliki wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara unayoikwepa. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye logbuku kwa macho yako mwenyewe, uzisome kwenye chuma, usikubali picha ya simu. Kuhamisha jina mkufanye siku hiyo hiyo mkiwa mmekaa pamoja, muuzaji aanzishe kwenye akaunti yake, nawe ukubali kwenye yako, ndipo pesa itoke.