Sinema ya Vita Isiyo na Steringi

Steringi hafi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria hiyo kuliko jedwali la kuzidisha. Schwarzenegger kwenye Commando (1985) anateketeza jeshi zima peke yake, risasi za adui zinampita pembeni, na mtafsiri naye anaongeza chumvi. Raha tupu! Lakini hiyo si sinema ya vita, na ubishi huu nimeufanya vijiweni hadi watu wamenichoka.

Mabomu na magwanda hayatoshi. Kwangu mimi, sinema inakuwa ya vita pale ushujaa na shabaha vinapoacha kuamua nani abaki hai. Ndiyo maana ninayoipenda kuliko zote ni Das Boot ya Wolfgang Petersen (1981), kuhusu nyambizi ya Wajerumani mwaka 1941. Sehemu kubwa ya safari ni kusubiri. Wanaume wamesongamana, ndevu zinazidi kurefuka, chakula kimening'inizwa kila penye upenyo. Kisha meli za Waingereza zinawagundua. Nahodha anaamuru kimya, na wote wanatazama juu, ingawa juu kuna chuma tu. Mabomu yanapasuka majini, nyambizi inazidi kuzama, na skrubu zinafyatuka ukutani kama risasi. Hakuna wa kumpiga wala pa kukimbilia.

Kuna usiku mmoja wanaikuta meli ya mafuta waliyoipiga bado inawaka, na juu yake watu wangali hai. Watu wale wanajirusha baharini na kuogelea kuelekea nyambizi. Nahodha anaamuru nyambizi irudi nyuma. Muda wote ulikuwa ukiwaombea mabaharia hawa wasalimike, ghafla hujui tena dua yako ilikuwa ya nani. Halafu baada ya kunusurika kwenye mlango-bahari wa Gibraltar, mita 280 chini ya maji, wanarejea bandarini La Rochelle, ndege zinakuja, na nahodha anafia gatini akiitazama nyambizi yake ikizama. (Ndiyo, nimekusimulia mwisho. Sinema ina zaidi ya miaka 40, hukuwa na haraka nayo.)

Saving Private Ryan? Ule mwanzo wa ufukweni Normandy hauna mpinzani. Baada ya hapo, naona steringi anarudi taratibu.

Nyingine ninayoitetea kila mara ni Camp de Thiaroye (1988), ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow. Watu huniambia, "Mbona hakuna vita humo?" Ni kweli, vita wameiacha Ulaya. Wanajeshi Waafrika walioipigania Ufaransa, wengine wakiwa wametekwa na Wajerumani, wamewekwa kambini karibu na Dakar wakisubiri malipo yao. Wanagombea nyama kwenye chakula, wanagombea fedha zao zisibadilishwe kwa nusu ya thamani. Jenerali anaahidi watalipwa, wanacheza ngoma usiku kucha. Mmoja wao, Pays, bubu aliyepitia Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, anaviona vifaru vikisogea. Anawaamsha wenzake kwa ishara, nao wanadhani kichwa chake kingali Ujerumani. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944, Wafaransa wakawamiminia risasi watu waliokuwa upande wao. Jambo hilo lilitokea kweli.

Mwaka huohuo wa 1944, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Tanganyika na Uganda walikuwa Burma, wakisonga mbele bonde la Kabaw katika matope ya mvua za monsuni, huku wakilipwa pungufu kuliko wazungu waliokuwa nao. Sinema yao bado naisubiri. Nikiulizwa ianzie wapi, nitasema isianzie kwenye mapigano. Ianzie kwenye foleni ya mshahara, askari wawili wakihesabu kila mmoja chake, kisha wakitazamana.