Mkate Wenyewe Ulikuwa Haujaingia

Kwa kuwa shoga yangu ameshawatangulia kwenye grupu, eti "kaingiza kichwa tanurini akiiba mkate", naomba na mimi nisikilizwe. Mkate ulikuwa bado uko mezani umefunikwa. Ningeiba nini mle, majivu?

Ilikuwa Jumamosi, Zuni, kijiji cha wenyeji wa asili wa Marekani, kusini mwa Gallup, New Mexico. Shoga anafanya kazi na binti wa huko, na nyanya yake huyo binti ndiye mwenye tanuri. Liko uani, la udongo, kama kichuguu kilichopigwa lipu. Kuliona tu, mdomo ukaniponza: "Haya hayanishindi, nyanya. Kwetu Mombasa tunaoka mofa kwenye tanuri." Wallahi ninachokijua kuhusu mofa ni bei.

Kuni za mwerezi zikawaka mle hadi zikawa makaa, makaa yakakokolewa nje, nyanya akapangusa sakafu kwa tambara bichi lililofungwa mtini. Kisha akatupia kipande cha gazeti. Kikilipuka, tanuri bado kali; kikigeuka hudhurungi polepole, mikate iingie. Akaniambia, "Haya fundi, tazama."

Fundi! Sifa zikanipanda kichwani, palepale pa kuungulia.

Mlango wa tanuri uko chini. Nikapiga magoti. Ndani giza, gazeti silioni. Nikasogea. Joto likanizaba usoni, nyusi zikakakamaa, nikajikaza, fundi harudi nyuma. Ndipo rasta zikateleza begani. Moja. Ya pili. Halafu fungu zima, zile za kufika kiunoni nilizokalia saa 7 kusukwa, zikatua sakafuni taratibu kama mtu anayetandika mkeka. Nikasikia tsss. Nikadhani ni gazeti. Nikatangaza kwa sauti ya kitaalamu, "Nyanya, bado kali kidogo."

(Wewe unayecheka, nakuona. Dada yako alisukwa hizohizo.)

Harufu ikaja, na haikuwa ya gazeti. Ilikuwa ya ndoo ya plastiki jikoni. Navuta kichwa, kichwa hakiji, rasta zimegandana na sakafu. Nikavuta kwa nguvu zote, zikakatika, nikaanguka chali huku nafuka moshi. Nyanya hakupiga hata ukemi. Alichukua lile tambara la maji ya majivu akanishushia nalo utosini, paa! Na kwa kuwa asubuhi nilifundishwa neno moja tu la Kizuni, nikasema, "Elahkwa." Yaani asante. Uso unachuruzika majivu, mtu anashukuru.

Wakakwangua, wakapangusa upya, mikate ikaingia, mlango ukazibwa, baada ya kama saa moja tukala. Ganda gumu kiasi, ndani laini. Nilikula mitatu ili nisiongee.

Ila nyanya naye ana lake. Katikati ya kula akaanza kusimulia hewe, mkate wao wa zamani, wa mahindi ya buluu, mwembamba kama karatasi. Uji wake unapakwa kwa mkono mtupu juu ya bamba la jiwe lenye moto chini, mkono unapita fyaa, na vidole haviungui. Akasema hayo huku ananitazama nyusi. Mwenzenu niliungua kwa kuchungulia.

Picha hakuna, msihangaike kuomba. Zuni hupigi picha bila kibali, na shoga alikuwa bahili wa kukilipia. Mungu si Athumani. Badala yake akanipa historia njia nzima ya kurudi: kwamba Mwafrika mwenzetu, Estevanico wa Moroko, alifika kwa Wazuni mwaka 1539 akitangulia msafara wa Wahispania, akauawa hukohuko Hawikku, kijiji chao cha zamani. "Wewe umeacha rasta tu, shukuru."

Upande wa kushoto zimebaki 31. Wa kulia tusiuzungumzie. Nyanya amenialika tena watakapooka, kwa sharti moja: nije nimefunga leso.