Nimetoka London Nikafika London

Kosa langu mimi ni kuona neno "London" mara mbili nikaamini ni mahali pamoja. Tiketi ya kutoka Dar kupitia Doha inashukia uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Tiketi ya kunipeleka nyumbani Glasgow, Scotland, inaondokea uwanja mwingine, Gatwick, London. Hiyo ya Gatwick ilikuwa na nafuu ya pauni 30. Basi nikajiona mjanja wa Kariakoo.

Nikapiga rula kwenye ramani: kama kilomita 40. Si Dar kwenda Kibaha tu hapo? Nikajipa saa nne na nusu, nikabakiza na muda wa chai.

Rula haijui barabara. Tumetua saa moja asubuhi, foleni ya pasipoti ikala saa nzima, na sanduku langu likatoka la mwisho, limefungwa kamba ya katani kama mbuzi wa Idi. Nikapanda basi. Likaingia M25, ile barabara inayoizunguka London yote, kilomita 188. Likaingia, likatulia.

Jirani yangu, mzee wa Kiingereza, akafungua sandwichi taratibu kama mtu aliyekuja kupunga upepo. Huyo ndiye aliyenimaliza. Eti kuanzia 1978 palikuwa na helikopta kati ya viwanja hivi viwili. Robo saa, umefika! Nikamuuliza, ikawaje? Akasema waliisimamisha 1986. Kisa? M25 ilikuwa inakamilika.

Hii hii. Hii tuliyokaa.

Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Wapi, anatafuna tu.

(Najua mtasema ningepanda treni: Elizabeth line mpaka Farringdon, ushuke, upande nyingine ya kwenda Gatwick. Mtu mwenye kilo 46 za unga wa muhogo na vitenge vya mashemeji habadilishi treni, jamani. Huyo anahamishwa.)

Tumefika nimeshushwa South Terminal, ndege yangu iko North Terminal. Kuna kitreni, nikaambiwa, dakika mbili. Dakika mbili za nani? Kukisubiri je? Na hilo sanduku linalovuta kushoto kama punda mwenye kinyongo?

Nafika kaunta nahema, dada ananiangalia kwa huruma ile ya kazini: kupokea mizigo kumefungwa dakika sita zilizopita. Saa tano kasoro, na ndege yenyewe naiona pale dirishani imekaa, haina haraka kabisa. Tiketi nyingine ya jioni, pauni 118. Toa zile 30 nilizookoa, mtanisaidia hesabu.

Simu ikaita. Mama watoto.

"Baba Zuhura, uko wapi saa hizi?"

"London."

"Si asubuhi uliniambia uko London?"

"Ndiyo. Nimetoka huko, ndiyo nafika."