Wabantu wa Somalia jimboni Maine: wakae pamoja au watawanyike?

Maine iko kona ya kaskazini mashariki ya Marekani. Ni jimbo la misitu na miji midogo, lenye watu 1,362,359 kwa sensa ya 2020. Zaidi ya nusu yao huishi maeneo ya vijijini, na hakuna jimbo lenye wakazi wenye umri mkubwa kuwashinda. Ukiwatafuta humo Wabantu wa Somalia, utawakuta karibu wote mahali pamoja: Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vya zamani kando ya Mto Androscoggin. Wachache wamevuka mto hadi Auburn, wengine wako Portland. Kaunti kubwa za kaskazini na mashariki, ambako shule zinakosa watoto na mashamba yanakosa mikono, ni nadra kuwakuta.

Kuna wanaoliona hilo kuwa kosa la kurekebishwa, na kuna wanaosema watu wamejichagulia mahali pao na waachwe. Mimi nimeegemea upande wa pili, ila upande wa kwanza una mambo ambayo si haki kuyapuuza.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hawa si watu wa mbali. Mababu zao walichukuliwa karne ya 19 kutoka Uzigua, Uzaramo, nchi za Wayao, Wamakua na Wanyasa, wakapelekwa kwa majahazi kulima mashamba ya Wasomali. Wapo mpaka leo wanaozungumza Kizigula, na mtu wa Handeni akiwasikiliza anawaelewa. Wazigua wenyewe husimulia habari za Wanakhucha, mwanamke aliyewaongoza watumwa kutoroka wakiwa na nia ya kurudi kwao kwa miguu, wakaishia kwenye misitu ya Mto Juba, kusini mwa Somalia, na kufanya makazi huko. Hadithi hiyo naikumbuka kila ninaposikia mtu akiuliza kwa nini wanapenda kukaa pamoja.

Serikali ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakulima hawa wasio na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwakinga waliporwa na kila upande. Wakakimbilia kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Baadhi walifika Tanzania, na zaidi ya elfu moja wakapewa uraia huko Chogo, wilayani Handeni, yaani karibu na kule mababu walikotolewa. Marekani nayo ilikubali mwaka 1999 kuwapokea kama kundi, na kuanzia 2003 zaidi ya 12,000 wakasafirishwa na kugawanywa katika miji mingi ya nchi nzima. Mgawanyo ule ulikusudiwa, ili mji mmoja usielemewe na wageni wajifunze Kiingereza haraka.

Haukudumu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 familia zilianza kuhama zenyewe kutoka miji waliyopangiwa. Waliofika Lewiston waliwapigia simu ndugu zao: kodi ya nyumba ni nafuu, mitaa imetulia, shule iko karibu. Ramani ya leo wameichora wao wenyewe.

Wanaotaka watawanyike wana hoja ya kwanza ya fedha. Shule za Maine hutegemea sana kodi ya majengo inayotozwa na kila mji, kwa hiyo mji mmoja maskini ukipokea mamia ya watoto wasiojua Kiingereza, gharama inawaangukia wenye nyumba wa mji huo, wengi wao wazee wa pensheni. Oktoba 2002, kabla Wabantu hawajafika, Meya wa Lewiston, Laurier Raymond, aliwaandikia barua ya wazi wazee wa Kisomali akiwaomba wawaambie wenzao wapunguze kasi ya kuja. Wakati huo Wasomali zaidi ya elfu moja walikuwa wamefika kwa muda usiotimiza miaka miwili. Barua ile iliumiza, na Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano mjini. Walijitokeza watu wachache tu, huku maelfu wakikusanyika upande mwingine wa mji kuwaunga mkono wageni. Ubaguzi ule ulistahili kulaaniwa, lakini swali la nani alipe lilibaki palepale.

Hoja ya pili ni nyumba, na hii ndiyo inayoniumiza. Katikati ya Lewiston kuna majengo ya mbao ya ghorofa tatu au nne, yenye baraza kwa nje kila ghorofa, yaliyojengwa kwa ajili ya vibarua wa viwandani. Rangi yake ya zamani ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kila dirisha likifunguliwa na kufungwa, mbao husuguana, unga wa rangi unadondoka kizingitini, mtoto anashika na kulamba kidole. Lewiston ni miongoni mwa miji ya Maine yenye watoto wengi waliokutwa na madini hayo katika damu. Ukisema watu wakae pamoja, lazima useme pia wakae pamoja ndani ya kuta zipi.

Hata hivyo, nikiwauliza wanaotaka kuwatawanya: wapi hasa? Kijiji cha Maine kinachohitaji watu hakina basi, hakina msikiti, nyama ya halali wala mkalimani wa Kimaay, lugha ambayo wengi wao huisema nyumbani. Mama asiye na leseni ya gari, mwezi Januari theluji ikiwa magotini, hawezi hata kufika kliniki. Lewiston anatembea. Jirani anamwangalia mtoto, mwingine anamsomea barua ya shule. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa si methali ya kupambia maneno, ndivyo siku inavyokwenda.

Tena mji wenyewe umeshawahi kupitia haya. Vibarua waliojengewa yale majengo walikuwa Wakanada wa Kifaransa kutoka Quebec, waliokuja kwa treni katika nusu ya pili ya karne ya 19 na kusongamana karibu na viwanda, mtaa wao ukaitwa Little Canada. Waliambiwa hawachanganyiki. Mwaka 1919 jimbo likapiga marufuku Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za umma, na miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe, ikawaandama kwa Ukatoliki wao. Wajukuu zao walisambaa baadaye, walipopata fedha na wakati wao ulipowadia. Mji huo ulikuwa na watu 41,779 mwaka 1970, wakapungua hadi 35,690 mwaka 2000. Zile nyumba zilikuwa na nafasi kwa sababu wenyewe walikuwa wameondoka. Tangu wageni waanze kuja, hesabu imepanda tena: 37,121 mwaka 2020.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: hesabu. Katika fomu ya sensa ya 2020, mtu mweusi aliombwa aandike asili yake, na miongoni mwa mifano iliyochapwa pale ni “Somali”. Mbantu wa Juba anaandika hilohilo. Kwenye takwimu anakuwa Msomali, sawa na jamii ambayo kule Somalia ilimwita kwa jina la dharau la nywele ngumu. Basi mipango inapopangwa kwa ajili ya “Wasomali wa Lewiston”, analetewa mkalimani wa Kisomali cha kawaida na kuhesabiwa kuwa amehudumiwa.

Ardhi ndiyo imenifanya niache kuliona suala hili kama kukaa au kutawanyika. Chama cha Wabantu wa Somalia cha Maine kinaendesha mradi wa Liberation Farms, na kimepata zaidi ya ekari 100 huko Wales, mji mdogo wa mashamba usio mbali na Lewiston. Wanalima mboga za kuuza na mahindi magumu ya kusaga. Unga wake wanapikia muufo, mkate ambao watu wa pwani watautambua mara moja: ni mofa. Hufanya kazi kwa vikundi vya ushirika wanavyoviita iskashito.

Hao ni watu wa mjini wanaolima kijijini. Hawajatawanywa, ila wameshika ardhi nje ya mji kama kundi, wakiwa na jembe wanalolijua tangu Juba. Likija suala la fedha za umma, ningependa ziende kwanza kwenye kubandua rangi yenye risasi mjini, halafu kwenye ardhi na usafiri wa namna hii, kabla ya mpango wowote wa kuwapangia vijiji. Basi la mji halifiki Wales. Asiye na gari husubiri mwenye gari apite kumchukua, na wanaosubiri hivyo wengi ni kina mama.